Baba Yako Yuko Wapi?

Mtoto alikataa sentensi moja tu. Na hiyo moja ndiyo tuliyoihitaji.

Nyingine zote alizisema. "Hii ni sufuria." Alisema. "Mimi nateka maji." Alisema. "Jina langu ni Athieno, naishi Voi, kota za reli." Alisema bila kukwama. Lakini nikimwuliza, "Baba yako yuko wapi?" ili anijibu, "Baba yangu yuko hapa," alifunga mdomo kama mtu aliyeambiwa ameze kaa la moto.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, au uliyelipata likiwa limeshafungiwa nyama, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni Thadeus Mwandawiro, nyapara wa genge la njia hapa Voi. Genge langu hubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, hukaza boliti na kupanga kokoto ili treni ipite salama. Shule niliacha darasa la tatu. Mke wangu ni Tryphena, mtu wa Bura. Tumeishi miaka mingi bila mtoto, na huku kota mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Wenzake ni Mama Nthambi, Mama Silvanus. Tryphena ni Tryphena.

Rafiki yangu Ofwono alikuwa dereva wa treni, mtu wa Tororo, Uganda. Mwaka jana, yaani 1975, watu wenye bunduki walimtoa nyumbani kwake na hajaonekana tena, wala kaburi lake. Mkewe alikuwa amekufa zamani. Binti yao Athieno, wa miaka kumi na minne, aliletwa kwangu na gadi wa treni akiwa na gauni moja mwilini na jingine ndani ya leso. Tukaomba kortini awe mtoto wetu kisheria.

Hapo ndipo mlipoachia. Sasa nisikilizeni, ila huruma iwekeni kwanza.

Nilimpeleka shuleni. Mwalimu mkuu alimtazama urefu, akampa kitabu. Athieno alikishika vizuri lakini hakusoma. Alilelewa na bibi yake kijijini, kisha akaja mjini kumpikia baba yake. Darasa alilionja tu.

"Bwana Mwandawiro, huyu nimkalishe na watoto wa darasa la kwanza?" mwalimu akaniuliza. "Magoti yake yatatoboa dawati. Na hajui Kiswahili hata cha kununulia chumvi. Mfundishe nyumbani kwanza."

"Mimi nimfundishe? Mimi mwenyewe nilifundishwa nini?"

"Fundisha hicho hicho. Tena fanya haraka. Kabla ya kesi, ofisa wa watoto atakuja kwako kumwuliza mtoto kama anakutambua kuwa mzazi. Akinyamaza, korti nayo itanyamaza."

Nikarudi nyumbani na ubao wa sanduku, nikaupaka masizi na oili, nikautundika ukutani. Chaki nilikuwa nayo, ile ya kuwekea alama mataruma mabovu.

Jirani yetu Perez Ajwang', Mjaluo, mke wa fundi wa karakana, alituchungulia dirishani.

"Mwandawiro, lugha ya mtoto huyu na yangu ni ndugu. Nikimwita aje ale, anaelewa. Mwache aje kwangu jioni, nimvushe kwenye Kiswahili polepole."

"Nikimleta kwako atatoka Mjaluo."

"Na kwako atatoka nini? Taruma?"

Nilikataa. Sababu nitaisema bila kuipamba. Mtoto akipata ulimi nyumbani kwa jirani, na mama atampata huko huko. Tryphena alikuwa amengoja mno. Sikutaka Perez aitwe mama kabla yake.

Basi nikafundisha kwa njia niliyoijua. Kwenye genge, nyapara hutoa sauti na watu hujibu kwa pamoja. Asiyejibu, reli humwangukia mguuni. Hakuna kubembeleza.

"Simama!"

Alisimama.

"Kaa! Fungua mlango! Funga! Sema, huu ni mlango! Rudia!"

"Huu ni mlango. Ndiyo, afande."

Afande! Sikumfundisha neno hilo. Alikuja nalo. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Mimi ambaye ujanani jeshi lilinikataa kwa sababu ya jicho la kushoto, leo naitwa afande sebuleni kwangu.

"Mwambie asikuite hivyo," Tryphena akasema.

"Kwa nini? Ni heshima."

"Hiyo si heshima, Mwandawiro. Tazama mikono yake."

Sikuitazama. Nilitazama ubao.

Perez alipiga ukuta kutoka upande wake. "Wewe! Unafundisha mtoto au unalaza reli?"

Mtoto alishika mambo upesi, siwezi kumnyima hilo. Tatizo lilianza tulipofika kwenye sentensi ya baba. Mara ya kwanza nilipouliza, aliangalia mlango. Nikadhani hakusikia. Nikauliza kwa sauti ya genge. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati.

"Sema! Baba yangu yuko hapa!"

Macho yake yakarudi mlangoni.

"Anaelewa," nikamwambia Tryphena. "Sufuria anaijua, ndoo anaijua, na mbuzi wa jirani anamjua kwa jina. Ila mimi tu hanijui."

"Iache sentensi hiyo. Aseme jina lake na anapoishi, yatosha."

"Haitoshi! Ofisa hatauliza habari za sufuria."

Jioni ile nilisema asiyejibu hatakula. Tryphena akampelekea chakula jikoni akidhani sioni. Siku ya pili hakujibu. Siku iliyofuata nikampiga kofi.

Hakulia. Alisimama wima, mikono mapajani, akasema, "Ndiyo, afande."

Mtu mwenye akili angesimamisha kazi pale pale akakagua njia. Mimi niliona ukaidi tu. Nikasema moyoni, ugali wangu unampita kooni, lakini ubaba wangu unamkwama.

Ofisa alifika kutoka Mombasa na Landrova ya serikali. Aliitwa Hudson Makokha, mtu wa magharibi, mpole, mwenye miwani na kalamu mfukoni. Dereva wake alisimama mlangoni akivuta sigara. Tryphena alikuwa ameandaa kimanga, yaani maharage na muhogo vilivyopondwa vizuri, na chai ya maziwa.

"Usiogope, binti," Makokha akasema. "Jina lako nani?"

"Jina langu ni Athieno, naishi Voi, kota za reli."

"Aah! Vizuri sana. Na hapa unafanya nini?"

"Mimi nateka maji. Hii ni sufuria."

Tukacheka sote, hata dereva. Kifua changu kilijaa. Makokha akamwonyesha Tryphena kwa kalamu.

"Na huyu ni nani?"

Hilo sikumfundisha. Athieno alimgeukia mke wangu, akamtazama vizuri, akasema, "Mama."

Tryphena alijifunika uso kwa leso. Nami nikajiweka sawa kitini, maana zamu yangu ilikuwa imefika.

"Haya, na baba yako yuko wapi?"

Mtoto aliangalia mlango. Akaangalia Landrova nje, na yule dereva aliyeziba njia kwa mabega yake. Kisha akanitazama mimi. Tangu aje kwangu hakuwahi kunitazama machoni vile.

"Sijui, afande."

"Hujui?"

"Hayuko. Hapa hakuna mtu. Mimi nakaa na mama."

Maneno hayo hayakutoka ubaoni kwangu. Aliyaunga mwenyewe. Kiswahili chake cha kwanza cha kujitungia, na alikitumia kunifuta mbele ya serikali!

Makokha akavua miwani. "Na huyu aliyeketi hapa?"

"Simjui, afande."

Ofisa akanigeukia. "Bwana Mwandawiro, mbona mtoto ananiita afande? Mimi si askari."

"Ni heshima zake."

"Unampiga?"

"Kama mzazi yeyote."

"Mzazi? Amesema hakujui."

Hapo ndipo pepo wangu alipopanda. Nilisimama hata kikombe kikamwagika.

"Mwandawiro, kaa chini," Tryphena akasema. "Nakuomba."

"Sikai! Nimemlisha, nimemvisha, nimemfundisha mpaka koo limekauka. Kama hanijui, basi na mimi simjui. Mchukue! Sitaki kesi, sitaki mtoto. Andika hivyo!"

"Tulia kwanza," Makokha akasema. "Ombi hili lina jina lako. Ukiliondoa, mkeo hana la kushika. Na nikishaandika sina uwezo wa kufuta."

"Nimekwambia andika!"

Akaandika. Nikatia sahihi. Mimi ambaye huandika jina langu kama mtu anayechimba mtaro, siku ile niliandika haraka kama karani.

Tryphena alimfungia mtoto nguo zake kwenye leso. Walitoka wameshikana mikono mpaka kwenye gari, na ilibidi dereva awaachanishe vidole.

Athieno hakulia. Lakini alipomwona Perez akianika nguo, alipiga ukelele kwa lugha yao. Perez akaacha shuka chini akakimbia. Walizungumza dirishani, mtoto akisema mbio mbio, mpaka gari likaondoka na Perez bado ameshika mlango.

Mimi nilikuwa ndani nakula kimanga. Nilikula kwa hasira. Sahani ya ofisa nayo niliimaliza.

Perez aliingia bila hodi.

"Umeshiba?"

"Usiniletee kelele zako leo."

"Kelele ulizipiga wewe miezi yote hii, na ukuta wangu ni shahidi. Leo utanyamaza unisikilize. Tryphena, dada yangu, kaa. Wewe, unamjua kolboi?"

"Nani asiyemjua?" Kolboi ni yule mtumishi wa stesheni anayezunguka nyumba za madereva kuwaita kazini.

"Huko Tororo kolboi alikuwa mtu wa Pwani, hajui lugha yao. Kila akifika anamkuta mtoto mlangoni, anamwuliza kwa Kiswahili, 'Baba yako yuko wapi?' Naye anajibu, 'Yuko hapa,' anakwenda kumwamsha. Kiswahili chake chote kilikuwa hicho. Swali moja na jibu moja."

"Sasa?"

"Sasa siku moja wakaja wengine. Wana gari, hawana sare. Wakauliza, 'Baba yako iko wapi?' Mtoto anajua nini? Anadhani ni kazi imeita. Akasema yuko hapa. Akawafungulia mlango, akawaonyesha kitanda."

Tryphena alishika meza.

"Alipoanza kulia wakamwambia aseme 'ndiyo, afande'. Wakamrudisha nyuma na kumwambia arudie, mpaka baba yake akawa ameshapakiwa garini."

Lakini kichwa changu, nisiwafiche, bado kilikuwa kinatafuta haki yake.

"Basi angesema hivyo. Kwa nini anikane mbele ya watu?"

Perez alinitazama kama anayetazama mzigo uliooza.

"Akukane? Ewe mwanamume, gari la serikali limesimama mlangoni, mtu amekaa na kalamu anauliza baba yuko wapi, na wewe unasema umekanwa? Amekuficha! Ameniambia, 'Wa kwanza nilimtoa kwa mdomo wangu. Huyu sikumtoa. Mwambie akimbie sasa, kabla hawajarudi.'"

Nje nguo za Perez zilikuwa vumbini.

Kisha Tryphena akainuka, akavuta sanduku lake chini ya kitanda.

"Nakwenda Bura kwa kaka yangu Obadiah," akasema. "Usinifuate peke yako. Njoo na mtoto, au usije."

Asubuhi nilikuwa Mombasa, ofisini kwa Makokha. Makokha alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika mahali pa kolboi aliweka kalamu chini.

"Laiti ungelisema haya jana."

"Jana sikuyajua."

"Bwana Mwandawiro, mtoto wa nchi ya nje asiye na mlezi hurudishwa kwao. Amri imetoka kwa wakubwa wangu. Kesho anapanda hapa treni ya mchana na askari wa kumsindikiza, mpaka Nairobi, mpaka Malaba. Kutengua ulichotia sahihi kunataka hakimu, na hakimu atakaa wiki ijayo."

"Basi asafirishwe wiki ijayo!"

"Nitapiga simu. Nitaomba. Sitakudanganya kwamba nitasikilizwa."

Nilirudi Voi nikiwa nahesabu njia kwa macho. Kila taruma nalijua. Treni ya kumpeleka mtoto itapita juu ya mikono yangu mwenyewe.

Mnaojua kazi ya reli mmekwisha kujua nilichofikiri. Stesheni kuna askari wengi. Lakini kabla ya stesheni, upande wa Mombasa, kuna kona ambapo genge langu lilikuwa kazini. Pale dereva hamwoni mtu mwingine ila mwenye bendera. Nikinyanyua nyekundu, treni itasimama. Nitamshusha mtoto, tutapita porini hadi Bura kwa miguu, nimkabidhi kwa Tryphena, yatakayofuata yafuate.

Kesho yake naibu wangu Nyongesa aliniona nikichukua bendera.

"Nyapara, kuna nini? Njia nzima."

"Njia nzima."

"Sasa bendera ya nini? Ukisimamisha abiria bila hatari wanakufuta."

"Nyongesa, ondoa watu relini."

Treni ilikuja ikipiga honi. Nilisimama katikati ya njia, bendera juu. Breki zililia, abiria wakarushwa huku na huku, na injini ikasimama karibu kiasi cha kunipulizia joto usoni.

"Reli imekatika?" dereva akapaza sauti.

Nilikimbia kando ya mabehewa nikipiga kelele. Nilisahau pori, nilisahau ujanja wote. Sauti iliyonitoka ilikuwa ile ile ya genge.

"Athieno! Athieno! Baba yako yuko hapa!"

Dirisha la behewa la tatu likafunguka. Kichwa chake kikatoka. Aliponiona alishtuka, akaanza kunipungia mkono wa kunifukuza, kama anayefukuza kuku.

"Hapana! Kimbia! Wewe kimbia!"

Askari aliyekuwa naye akachungulia juu ya bega lake. "Nani huyo?"

"Hakuna mtu!" mtoto akapiga kelele. "Afande, hakuna mtu! Simjui!"

"Mimi baba yake!" nikasema. "Mshushe! Mimi ndiye baba!"

Nilisema mwenyewe. Alikuwa amenificha mara mbili, nami nikajitoa mwenyewe.

Askari akaruka chini, na wa pili akatoka behewa la nyuma. Mmoja alinikamata mkono wenye bendera, mwingine akaniambia maneno ambayo nilikuwa nimeyasema kila siku sebuleni kwangu. "Kaa chini! Kimya! Lala!" Nikalala juu ya kokoto.

Nikiwa nimelala hivyo nikasikia behewani, "Baba! Baba! Baba!" Aliita mpaka sauti ikapasuka. Dereva akapiga honi, magurudumu yakaanza kuzunguka, na sauti ikaenda nayo kuelekea stesheni.

Nilitolewa kwa dhamana ya Nyongesa. Makokha hajaleta habari kama simu yake ilisikilizwa. Kama mtoto amevuka Malaba au amezuiwa Nairobi, sijui.

Ninalolijua ni gharama. Kazi imekwisha, nimeitiwa barua yangu ofisini. Kota naihama mwisho wa mwezi. Kesi ya kusimamisha treni itasikilizwa Voi hapa hapa. Tryphena yuko Bura, na mlango wa Obadiah nimeufikia nikarudishwa.

Na Athieno ameona baba wa pili akilazwa chini na kuchukuliwa na askari.

Safari hii hakuwa amewaonyesha.